Kepi ya Bwana Yangu na Jogoo wa Ankoro

Haya, kwa sababu mumenisumbua sana nitawaelezea, lakini naomba kila mumoja achekee moyoni mwake, asinichekee usoni, maana mimi ni muntu muzima, nina wajukuu, na mpaka leo nikipita karibu na gare (stesheni yetu ya treni, kule chini karibu na ziwa) ninainamisha kichwa kama mutoto aliyevunja sahani ya wageni. Nimefanya upumbavu mwingi katika maisha, nimeunguza bugali siku ya posa ya mudogo wangu, nimemusalimia mama mumoja kwa jina la muke-mwenzake mbele ya watu, lakini hakuna haya iliyonipata kama ya siku ile niliyoondosha treni ya Kabalo. Ndiyo, niliiondosha mimi, ambaye hata baiskeli sijui kuiendesha. Na kisa ni jogoo.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tatu, muji bado unaitwa Albertville. Vita ilikuwa imetulia kidogo, treni za Kabalo zilikuwa zimeanza kupita tena, na bwana yangu, Papa Feza, alikuwa amepandishwa cheo kuwa shefu wa gare. Munapaswa kuelewa ile ilikuwa ni kitu gani wakati ule. Mbele ya uhuru kile kiti kilikuwa cha Mubelgiji tu, na kulikuwa watu mujini, weupe na weusi pia, waliokuwa wanangoja siku moja treni ipotee njia ili waseme, munaona sasa. Kwa hiyo Papa Feza alikuwa anafanya kazi kwa woga mwingi na kwa usafi mwingi zaidi. Koti lake la buluu nililipiga pasi kila asubuhi, vifungo vya shaba alivisugua mwenyewe, kepi yake, ile kofia ya kazi, ilikuwa na kigingi chake ukutani ambacho hakuna aliyeruhusiwa kutundika kitu kingine. Treni ikitaka kuondoka, yeye anasimama mwisho wa barza ya gare, pale abiria wanapopandia, anapiga firimbi mara moja, ndefu, anainua kibendera cha kijani, na masinista, yule anayeendesha treni, anaachilia mvuke na wanaenda. Firimbi na kijani, basi, haikuwa na maneno mengine.

Sisi tulikaa nyuma ya gare kabisa, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, unavuka barabara moja na umefika kwenye reli. Na nyumbani nilikuwa na shida yangu. Mutoto wetu Feza alikuwa ametoka kuugua surua, amebaki mifupa na macho, na mama wa dispensaire, pale tunapopata dawa, aliniambia, huyu mutoto apate yai kila siku, usimupe maneno, umupe yai. Mayai sokoni yalikuwa ya kutafuta kwa taa mchana. Basi kulikuwa kuku mumoja mweupe, mukubwa, wa kizungu, ambaye madamu mumoja alimuacha siku alipokimbia na mashua kwenda Kigoma, na huyo kuku nilimupata mimi, nikamulalisha juu ya mayai yake, akayaatamia vizuri, akatotoa vifaranga vizuri vya manjano, na mimi nikaanza kuhesabu kichwani kuku wote watakaotaga na mutoto wangu atakavyonenepa.

Sasa kuna jogoo. Baba-mukwe wangu kule Ankoro alimutuma na mutumbwi mpaka Kabalo, halafu na treni, kama zawadi kwa mutoto wake aliyekuwa shefu. Alikuwa jogoo mwekundu, mukubwa kama mbwa mudogo, mwenye miiba miguuni, na alikuwa na roho mbaya tangu kwa mama yake. Jirani yangu Mama Zawadi alimubatiza Komanda. Wengine wanasema jogoo anachunga vifaranga vyake. Huyu hakuchunga kitu. Kifaranga kikikaribia chakula anakipiga mudomo kichwani, kinaanguka kinarusha miguu, na mama yake akija kukikinga anapigwa yeye pia. Vifaranga viwili vilikuwa vimekwisha kufa hivyo mbele ya macho yangu. Nikimuambia Papa Feza tumuchinje, ananijibu, "Mama Feza, huyu njo zawadi ya papa yangu. Papa akija kututembelea akiuliza jogoo wake iko wapi, nitamujibu nini, nilimukula?" Na mimi ninanyamaza, maana ukiolewa na mutoto wa muntu, jogoo wa muntu anakuja pamoja naye.

Nilimupiga mufagio, akaurukia. Nilimumwagia maji, akajikung'uta akarudi. Kitu kimoja tu alikiogopa, kepi. Siku moja Papa Feza alikuwa anatoka kazini, Komanda akamurukia mugongoni, na Papa Feza, ambaye ni muntu wa upole, alizunguka akapiga ile firimbi karibu na sikio lake na kumutandika na kibendera mpaka akajificha chini ya mupapai. Tangu hapo akiona kichwa chenye kepi anakimbia.

Mimi nikaona, kumbe dawa iko ukutani. Kampuni ya reli ilikuwa imemupa bwana yangu unifomu mupya, ya zamani ikabaki imetundikwa nyuma ya mulango, koti, kepi, na firimbi ya zamani mufukoni (ile iliyoachwa na Mubelgiji, firimbi ya chuma yenye sauti ya kupasua masikio). Papa Feza akienda kazini, Komanda akianza vita vyake, mimi ninavaa kepi, ninatupa koti mabegani, ninatoka uani, ninatazama tu, na jogoo anaenda kujificha. Nikimaliza ninavua, ninarudisha, hakuna anayejua isipokuwa Mama Zawadi, ambaye alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Feza," aliniambia, "chukua kile kitunga chako kikubwa, ufunike kuku na watoto wake, yaishe. Hii ya kuvaa nguo za mwanaume itakuletea maneno."

Alikuwa na haki. Lakini kile kitunga kilikuwa kimejaa ndagala zangu, samaki wadogo wa ziwa, nilizokuwa nimetoka kuzianika, na nikizimwaga chini paka wa jirani watazimaliza, na mimi siku hiyo nilikuwa na kazi nyingi, nikasema, nitafanya kesho. Hii kesho njo iliniua.

Siku hiyo hiyo, lazima muijue, alikuwa amekuja Inspekta wa reli, muntu wa Elisabethville, mwenye miwani na kofia ya majani, kuangalia kama huyu shefu mweusi anaweza kazi. Papa Feza hakulala. Alivaa unifomu mupya, akaniuliza kama kola imenyooka, akaenda mapema. Inspekta alipita asubuhi yote akifungua makabati na kupitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi, na saa ya treni ya Kabalo ikakaribia, naye angeondoka nayo, na mambo yalikuwa yameenda vizuri kabisa. (Haya nimeambiwa baadaye, tena mara nyingi kuliko nilivyotaka.)

Mimi nilikuwa uani ninachuma sombe, majani ya muhogo ya chakula cha mangaribi, nina furushi lake mukononi, nikasikia kuku mweupe analia. Nikageuka, Komanda alikuwa ametawanya vifaranga vyote na anakifuata kimoja, kidogo kuliko vyote. Nikakimbia ndani, nikavaa kepi, nikaingiza mikono katika koti maana lilikuwa linaanguka, nikatia firimbi mudomoni, nikatoka. Siku zote alikuwa anakimbilia chini ya mupapai. Lakini leo mulango wa ua ulikuwa wazi (sijui nani aliuacha wazi, ninyi museme ni mimi), kifaranga kikatoka nje, jogoo nyuma yake, na mimi nyuma ya jogoo.

Ningerudi. Ningesema, kifaranga kimoja tu, kiende. Lakini nilimuona Feza amekaa mulangoni na shingo yake nyembamba, ananiangalia, na hasira ikanipanda mpaka kwenye macho, nikavuka barabara na koti la shefu linapepea, kitambaa changu cha chini kinafunguka, kiatu kimoja nimekiacha kwenye mufereji, na watu wanasimama pembeni kunipisha kama vile gari la zima-moto.

Kifaranga kikaingia kwenye reli. Kikapita mbele ya treni yenyewe, ambayo ilikuwa imesimama inapumua mvuke, na mvuke ulikuwa mwingi upande ule, muntu anaonekana kiuno kwenda juu tu. Nikakiona kimesimama kati ya mawe kinatetemeka, na Komanda anainua shingo kukimaliza. Nikapiga firimbi kwa nguvu zangu zote, moja, ndefu, na nikainua mukono wenye lile furushi la sombe nimutandike nalo.

Sasa mufikiri masinista Papa Mwamba kule juu. Ametoa kichwa dirishani anangoja amri. Anasikia firimbi ya shefu. Anaona katika mvuke, kama vile mwisho wa barza, kepi ya shefu, koti la shefu, na mukono umeinua kitu cha kijani. Yeye ni muntu wa utii. Akavuta.

Niliinama nikaokota kifaranga, nikakitia ndani ya koti kifuani, nikaruka nje ya reli, na nyuma yangu nikasikia lile jambo kubwa linaanza kusogea, gogo, gogo, gogo. Nikawaza (naapa, njo nilivyowaza), leo imewahi kuondoka.

Halafu nikasikia barza.

Watu walikuwa bado chini. Wengine walikuwa wanaagana, wengine wananunua maji, wengine wako nusu mulangoni na mizigo kichwani. Mama mumoja wa Nyunzu alikuwa ameshuka kununua ndizi na mutoto wake wa kunyonya amebaki ndani na dada yake, na yule mama alitoa sauti ambayo mpaka leo ninaisikia, akakimbia ameshika dirisha la wagoni, ndizi zinaanguka nyuma yake. Katekista mumoja alikimbia na kanzu ameishika mikononi. Na Inspekta (watu wa Elisabethville huwa wanasema wao hawali samaki wadogo) alikuwa ameenda pembeni kununua ndagala kwa siri, akageuka akaona treni inaondoka na valizi yake ya nguo na kofia yake, na yeye amebaki na ndagala zimefungwa katika gazeti.

Papa Feza alikuwa anatoka biro, ofisi yake, na kibendera chake safi na firimbi yake mupya ambayo bado hajaipuliza. Nilimuona anasimama. Alitazama treni, akatazama kibendera mukononi mwake kama vile kimemusaliti, halafu akatupa kile cha kijani, akanyakua chekundu cha kusimamisha treni, akaanza kukimbia mpaka kepi yake mupya ikaanguka nyuma. Sijawahi kumuona yule muntu akikimbia mbele ya siku hiyo. Alikimbia mpaka akaifikia mashine, na treni ikasimama kule reli inapoanza kukunja kona, hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe, yule mama alivutwa ndani akamupata mutoto wake amelala. Amelala, munaelewa. Watu wazima wote tunakufa, yeye analala.

Basi vumbi likatulia, mvuke ukatulia, na watu wote wa barza wakageuka pole pole kuniangalia. Nilikuwa nimesimama na kepi kichwani, kiatu kimoja, sombe mukononi, firimbi bado iko mudomoni. Nilisahau kuitoa.

Papa Feza akarudi anahema. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Feza. Vua kepi."

Nikavua.

Inspekta akafika, miwani imeshuka puani, jasho linamwagika. Akauliza, "Shefu wa gare hapa njo nani?"

Wengine walimuangalia bwana yangu, wengine, wabaya wale, waliniangalia mimi.

"Njo mimi, Shefu," Papa Feza akasema.

"Na huyu?"

"Huyu njo bibi yangu."

"Anafanya kazi ya reli?"

"Hapana, Shefu. Anafanya ya nyumbani."

Inspekta akanigeukia, akaniuliza nilikuwa ninatafuta nini kwenye reli na alama za serikali kichwani, na mimi nilitaka kumujibu kwa heshima, nilikuwa hata nimepanga maneno mazuri ya Kifaransa, lakini kilichotoka ni, "Shefu, nilikuwa ninakinga vifaranga." Na kile kifaranga, kama shahidi aliyeitwa, kikalia ndani ya koti, piyo, piyo, na watu wa nyuma wakaanza kujikohoza.

Labda ingeishia hapo. Lakini Komanda hakuwa amemaliza. Alipanda barza kwa ngazi, kama abiria, akasikia harufu ya ndagala, akaja moja kwa moja kwenye mukono wa Inspekta. Inspekta akamupiga teke dogo la muntu wa mujini. Kosa. Jogoo akaruka na miiba yake yote miwili, gazeti likapasuka, ndagala zikamwagika, na yule mukubwa wa reli akarudi nyuma, nyuma, mpaka akapanda juu ya mizani ya kupimia mizigo, amekunja suruali, anasema, "Mutoe. Mutoe huyu munyama."

Mimi nilikuwa na firimbi, nilijua dawa yake, nikaitia mudomoni na kuvuta pumzi.

Nikasikia barza yote, bwana yangu wa kwanza, wapagazi, wauza ndizi, katekista, wote kwa sauti moja, "Hapana."

Maana kule mbele Papa Mwamba alikuwa bado ametoa kichwa dirishani, anangoja.

Basi nikabaki nimejaa pumzi, sijui niiweke wapi. Na Papa Feza, yule yule aliyeniambia vua, akafunga macho kidogo, akasema, "Mama Feza. Vaa kepi."

Nikavaa. Nikamutazama Komanda. Akanitazama, akateremka ngazi, akaenda zake. Na mimi nikaivua tena, nikampa bwana yangu, na yeye akamusaidia Inspekta kushuka juu ya mizani. Mushale wa mizani ukarudi mahali pake na kelele ndogo, na hapo watu wakashindwa kujizuia, walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Inspekta alisafisha miwani yake. Halafu akasema tu kwamba firimbi yoyote ya reli, mupya ao ya zamani, mahali pake ni ndani ya kabati ya biro yenye ufunguo, na si nyuma ya mulango wa chumba cha kulala, na kwamba hilo amelisema mara moja na hatalirudilia. Akapanda treni yake. Sikumuona akicheka. Lakini muhudumu wa wagoni alituapia kwamba kuanzia hapa mpaka treni ilipopita Nyunzu alikuwa ameangalia dirishani na mabega yanatikisika.

Papa Feza hakufukuzwa. Alipata karipio, na alilibeba vizuri kuliko nilivyobeba mimi kimya chake, maana kwa juma zima aliniambia "chumvi" na "asante" tu. Komanda alifungwa miguu akapandishwa treni iliyofuata, arudi Ankoro kwa mwenyewe, na bwana yangu alimuagiza muhudumu amuambie papa yake kwamba hewa ya ziwa haikumufaa.

Nyumbani nilikuta Mama Zawadi ameingia uani, amemwaga ndagala zangu juu ya mukeka, amefunika kuku na vifaranga vyote chini ya kitunga, amekaa juu yake anamulisha Feza uji. Paka walikuwa wamekula nusu ya ndagala. Feza alipata mayai yake miezi iliyofuata, akanenepa, leo ukimuona huwezi kuamini alikuwa na shingo kama ile. Na kile kifaranga nilichokiokoa kwenye reli, nilichokibeba kifuani mbele ya Elisabethville yote, kilikua kizuri, cheupe, na siku moja asubuhi kikasimama juu ya ukuta kikawika. Nilikaa jikoni nikashika kichwa.

Miaka mingi ilipita sijapanda treni. Nikakuja kupanda siku ya kilio cha baba-mukwe, nimevaa pagne nyeusi, nimekaa dirishani kwa adabu, nimejiambia watu wamekwisha kusahau. Mashine ikasimama inapumua. Papa Mwamba, amezeeka, mvi mpaka kwenye nyusi, akatoa kichwa, akanitafuta dirisha kwa dirisha mpaka akanipata, akavua kofia yake, akauliza kwa heshima yote, "Mama, tunaweza kwenda?"

Nikaweka mikono yangu miwili juu ya magoti, nikafunga mudomo, nikamuangalia bwana yangu kule barza, ambaye angepiga firimbi kwanza ndipo apande pamoja nami. Nilikuwa nimeapa tangu siku ile, na kiapo hicho sijakivunja: jogoo afanye anavyotaka, vifaranga nitavifunika na chochote, hata na sufuria ya sikukuu, lakini kofia ya kazi ya mwanaume, na kitu chochote kinacholia ukikipuliza, mimi sikigusi tena mpaka nizikwe.